Komoni ya Mama na Mkutano Uliokosa Watu

Mwaka ule vyama vingi vilikuwa vimeingia, na kila mwenye koti aligundua kwamba alizaliwa ili awatumikie wananchi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, mtaa wa Lizaboni, baada ya kupunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika. Walituambia ni mageuzi ya uchumi. Niliyapokea mageuzi hayo nikiwa na begi na godoro, nikahamia chumba cha nyuma kwa mama.

Mama alikuwa mjane, na shamba lake, njia ya kwenda Namtumbo, lilizidi nguvu zetu sisi wawili. Enzi za baba vibarua walipatikana kwa urahisi na mbolea ya ruzuku ilifika mpaka vijijini. Sasa ruzuku ilikuwa imefutwa, vibarua walitaka fedha mkononi, na mvua haikuwa mbali. Kila jioni mama aliyatazama mawingu upande wa milima ya Matogoro kwa chuki ya wazi. Matuta yasipokuwa tayari kabla ya mvua, tungekula mwaka mzima kwa hisani ya shangazi, na hisani ya shangazi ina maneno mengi.

Ndipo akatokea mpambe wa mgombea ubunge, bwana mmoja aliyeletwa kutoka Dar, asiyevua miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Alishusha magunia ya mahindi na ulezi, na sukari juu yake. Komoni ya mama, pombe ya nafaka hizo, ilisifika mtaa mzima, na mpambe alitaka apike ya kuwatosha watu wote wa mtaa. Alieleza kwamba kuna tajiri wa malori anayempenda mgombea kwa moyo wote, ila upendo huo haufai kuonekana, maana uchaguzi una sheria zake. Baadaye nilisikia kwamba tajiri alimpenda na mgombea wa upinzani, kwa moyo huohuo. Mpango ulikuwa rahisi: watu wanywe Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya misa waende wote kwenye mkutano wa kampeni.

"Ukiulizwa, mama, pombe ni yako," mpambe alisema.

"Yangu kabisa?"

"Yako kabisa. Wewe ndiye unayewakaribisha."

Masikini, hakujua anachokisema. Mama alitoka Umatengo, kwenye desturi ya ngokela: mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja kumlimia. Wangoni wa mtaani kwetu nao walikuwa na ya kwao ya namna hiyo. Kwa kawaida watu hulima kwanza ndipo wanywe, lakini mtaani kwetu mjane aliruhusiwa kutanguliza pombe. Aliyekunywa pombe ya mjane halafu asionekane shambani, aibu hiyo angezikwa nayo.

Jumamosi ua ulijaa. Mama akasimama katikati na kata mkononi, akawakaribisha kama alivyofundishwa, kwamba pombe ile ni yake na wanywe bila wasiwasi. Watu wakatazamana. Mjane, msimu wa kulima, pombe yake mwenyewe. Jirani yetu mmoja, mzee wa kanisa, aliuliza kwa adabu kama shamba ni lilelile la njia ya Namtumbo. Mama akasema ni lilelile. Mzee akaitikia kwa kichwa, akapokea kata, akanywa taratibu kama mtu anayeweka sahihi. Mimi nilijua kinachoendelea na nilifurahi mno.

Jumapili walihudhuria misa ya kwanza, na kutoka hapo wakapita makwao kuchukua majembe. Sijapata kuona shamba likilimwa vile. Wanaume walikata udongo, wanawake wakainua matuta, wote wakiimba, na mama alizunguka na ndoo ya togwa akionekana kijana kuliko mimi. Huko mjini spika za mkutano zilikuwa zinawaimbia wapambe wenyewe na mbuzi wachache.

Mpambe alifika na Landrova, vumbi mpaka kwenye miwani. Alifoka kwamba watu wameshakunywa na sasa wanamwaibisha mheshimiwa. Wale hawakumwelewa hata kidogo. Wao walikuwa wanalipa walichokunywa, nini tena? Akaondoka, na alipofika tena alikuwa na tajiri mwenyewe, mtu mnene mpole, aliyemwamkia mama shikamoo kabla ya kusema lolote. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mama anafahamu fika pombe ile imetoka wapi.

Majembe yakasimama. Mama akamtazama bila hasira.

"Nafahamu, baba. Kama ni yako, waambie hapa hapa. Nitawaruhusu waende."

Tajiri aliwatazama watu, akamtazama yule mzee wa kanisa, akaitazama na Landrova yenye picha ya mgombea kwenye mlango. Nadhani hapo ndipo alipozikumbuka sheria za uchaguzi.

"Pombe ni ya mama," alisema. "Endeleeni."

Siku ile shamba lilikwisha, na mtaa ulicheka mpaka uchaguzi. Mimi nilijiona tumewashinda. Nilikuwa mjinga, na nilidumu katika ujinga huo kwa furaha kubwa.

Mgombea alishinda hata hivyo. Mvua ilinyesha, mahindi yakaota vizuri kwenye matuta yale, kisha yakaanza kugeuka manjano kwa kukosa mbolea. Tulikwenda mjini kuitafuta, mimi na mama. Maduka yote yalituelekeza ghala moja tu, maana mkoa mzima, walisema, kibali cha mbolea amepewa mtu mmoja, na mheshimiwa ndiye aliyekihangaikia. Nje ya ghala yalipangwa malori tuliyoyafahamu, ya yule tajiri. Bei ilikuwa ya kumfanya mtu acheke, ila hakuna aliyecheka. Mimi nilitukana, kwa sauti, mpaka mlinzi akanisogelea.

Mama hakutukana. Aliigusa mifuko ya mbolea, akauliza bei mara ya pili, akafunga khanga yake upya, tukarudi kwa miguu bila kitu. Tulipofika shambani alisimama akiyatazama mahindi yake ya manjano.

"Mheshimiwa naye alikunywa pombe ya mtu," alisema. "Sasa yuko shambani kwa huyo mtu, analima."