Msimu Baba Aliposhika Jembe la Mama

Majani yaliyofyekwa yakilala siku chache mvuani hutoa harufu kama ya uji unaoanza kuchacha. Nikiipata popote, narudi Mpepai, kwenye mteremko wa shamba letu la maharage. Kwetu Umatengo kazi ya ngoro, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, ina mipaka yake. Wanaume hufyeka na kuyapanga majani kwa miraba. Wanawake huyafukia kwa udongo, wakiacha shimo katikati la kutunza maji ya mvua. Mwaka ule baba alimaliza kupanga majani, lakini mama alikuwa amejifungua kwa upasuaji na nesi alimkataza jembe. Shangazi akashauri mimi, binti mkubwa, niache shule mpaka shamba liishe. Nilikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani.

Wiki ileile wageni wa mradi mmoja waliwakusanya wanaume peke yao shuleni kwetu, wakawaambia hakuna kazi ya kike wala ya kiume. Wanaume walipiga makofi, wakanywa soda, wakarudi nyumbani kukaa. Kesho yake asubuhi baba alichukua jembe la mama, akaniambia nikavae sare.

Jioni nilimkuta mama ameketi kwenye nyasi, mtoto kifuani, anasimamia. Baba alikuwa akirundika udongo upande wa chini tu.

"Baba Skola, hilo ni kaburi," mama alisema. "Chimba katikati, tupia pande zote."

Baba akabomoa, akaanza upya, jasho likimdondoka puani. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akipita akasimama kufurahia, akamgeukia baba.

"Habari za shamba, Mama Skola?"

"Nzuri," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Chukua jembe, uwe mke mdogo."

Mama alicheka huku ameshikilia mshono. Maharage yalitoka machache msimu ule, maana ngoro nyingi za baba zilibomoka, ila mimi nilifanya mtihani na kwenda sekondari.

Tangu hapo nimehamahama: Songea, kisha Ngaka kwenye malori ya makaa ya mawe, sasa Mbamba Bay, napika chakula cha shughuli. Semina za wanaume siku hizi zina vipaza sauti na fulana. Juzi, kwenye semina moja, wakati napakua wali, mmoja wa wanaume hao alisimama akaueleza usawa vizuri kuliko mwezeshaji. Nikamwuliza shambani kwake leo yuko nani. Ukumbi ukacheka. Yeye hakukasirika, alikaa, kisha akamwuliza mwenzake semina inaisha saa ngapi, apate kuwahi shambani.