Mitaa Aliyoitaja Mama Mdogo

Barua ilikaa siku tisa juu ya friji kabla mama mdogo hajaniambia kwamba ipo. Niliiona Jumamosi moja nilipokwenda kwake Koekelberg, hapa Brussels, kumpelekea unga wa muhogo, na nilipomuuliza alinijibu akiwa amenipa mgongo, anaosha majani ya muhogo, sombe, kwenye sinki.

"Ni ya tribunal," alisema, yaani mahakama. "Banataka nimusamehe ule muntu."

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu mzazi, na anasuka nywele katika maduka ya Galerie d'Ixelles tangu kabla sijafika mji huu. Miaka miwili kabla ya barua hiyo, asubuhi ya Jumapili, alikuwa akitembea kwenda misa ya Basilika. Mwanamume mmoja akamshika mkoba kwa nyuma. Mama mdogo hakuuachia. Hadi leo hajui kwa nini hakuuachia, maana ndani hamkuwa na kitu zaidi ya kitabu cha nyimbo na miwani. Alikokotwa hatua kadhaa, akaanguka, na mkono wake wa kulia ukavunjika kwenye kifundo. Yule mwanamume alikamatwa, ikaonekana kwamba alikuwa amewatendea hivyo wanawake wengine wa umri wa mama mdogo, akahukumiwa kifungo cha miaka kadhaa.

Mkono ulipona. Vidole vilirudi kusuka, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi yake ya zamani. Kitu ambacho hakikurudi ni kutembea peke yake siku ya Jumapili, mitaa ikiwa mitupu. Nilikuwa nikitoka kwangu Evere na kuvuka mji mzima ili nimsindikize dakika kumi na tano za njia, na Jumapili ambazo hakuna yeyote kati yetu jamaa zake aliyepata nafasi, alisali jikoni. Sote tulijua kwamba mama wa yule mtu alikuwa akiishi mitaa miwili tu kutoka kwake.

Niliisoma barua nikiwa nimesimama. Haikutaja msamaha popote. Ilieleza kwamba mfungwa ameomba kuachiliwa kwa masharti na kwenda kuishi kwa mama yake. Kwamba kabla mahakama haijaamua, mama mdogo, akiwa mtu aliyedhuriwa, ana haki ya kuarifiwa na kusikilizwa kuhusu masharti yanayomgusa. Na kwamba yupo afisa aliye tayari kumpokea katika ile ofisi ambayo hapa huitwa maison de justice, nyumba ya haki.

Nilimfasiria yote. Aliikausha mikono yake, akaketi, akanitazama kama mtu anayemhurumia aliyesoma sana.

"Bon. Serikali iniulize mimi juu ya nini? Anayeulizwa ni mwenye kusamehe. Hata weye unajua."

Nilijua. Nilikuwa mtoto Bukavu nilipoona, katika sebule ya babu yangu, jinsi jambo la namna hiyo linavyomalizwa. Wazee wa mkosaji huja kwa wazee wa aliyekosewa. Kila upande una msemaji wake. Aliyekosewa hukaa nyuma, hasemi neno. Maneno yakishazunguka vya kutosha, msemaji wake husimama na kutamka kwamba familia imesamehe, watu hushikana mikono, na kuanzia hapo huna tena la kudai. Ni desturi ninayoiheshimu, kwa sababu niliiona ikizuia damu. Lakini mama mdogo alikuwa ameitwaa nzima nzima na kuivika ile barua: mahakama ilikuwa ndiyo wazee wa mkosaji, wametuma ujumbe, na Mkristo hawezi kuwakatalia. Alikuwa ameshaamua. Angesamehe, mtu angetoka, na yeye angefunga mlango wake na kusali jikoni hadi mwisho wa siku zake. Alinieleza mpango huo kwa utulivu ulionitisha.

Nilichoweza kumshawishi ni kuomba miadi, basi.

Asubuhi ya miadi nilipofika chini ya jengo lake niliwakuta watu sita wamevaa kitenge cha aina moja, na mbele yao tonton, yaani mjomba, binamu mkubwa wa mama na mama mdogo, msemaji wa familia katika harusi na misiba yote, amefunga tai na karatasi iliyokunjwa ikichungulia mfukoni.

"Tonton," nilisema, "rendez-vous ni ya maman peke yake."

"Peke yake? Muntu anaenda peke yake kwa daktari. Kwa tribunal inaenda famille."

"Si tribunal. Ni ofisi tu."

"Donc tutaijaza vizuri," alisema, akatangulia kuingia metro.

Nilitembea nyuma yao nikiwa na aibu ambayo leo naionea aibu. Niliwazia jinsi tutakavyotazamwa, jinsi tutakavyoambiwa kwa adabu baridi kwamba wengine wasubiri nje. Afisa alipofungua mlango wa ukumbi wa kungojea, mwanamke wa umri wangu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alituhesabu kwa macho. Hakutabasamu, wala hakukunja uso. Alisema tu kwamba chumba chake kina viti vitatu, kisha akaenda chumba cha jirani na kuanza kuleta viti mwenyewe, viwili viwili, mpaka kila mmoja wetu alipopata cha kukalia. Alipoketi alikuwa anahema kidogo. Akaeleza kwamba mama mdogo ana haki ya kusindikizwa na yeyote amtakaye, na kwamba angeweza kuitiwa mkalimani.

"Mukalimani wa nini?" mama mdogo aliniambia. "Nitasema mambo yangu mbele ya mugeni? Uko hapa."

Kifaransa anakijua, anakitumia kwa wateja na kwa daktari. Mambo yaliyomuumiza huyasema kwa Kiswahili.

Tonton alisimama, akafungua karatasi yake. Alimshukuru Mungu, kisha Mfalme, kisha komuni, yaani manispaa, ya Koekelberg, kisha afisa mwenyewe kwa viti. Alieleza asili ya familia yetu tangu kwa babu wa babu. Mwishowe alitamka, kwa sauti ya kanisani, kwamba familia imesamehe. Wale wa vitenge wakaitikia amina, mmoja akapiga makofi. Mama mdogo alikuwa akitazama zulia.

Afisa alingoja mpaka tonton alipoketi.

"Nakushukuru, bwana," alisema. "Msamaha ni wenu. Hakuna ofisi katika nchi hii yenye mamlaka ya kuuomba wala kuupokea. Mimi nina swali jingine, nalo ni la bibi."

Akageuza kiti chake kabisa, magoti yake yakaelekea magoti ya mama mdogo.

"Mtu huyu akitoka, wewe ungependa kupita wapi bila kukutana naye?"

Nilitafsiri. Nimeishi Brussels zaidi ya miaka ishirini, na nilidhani naijua serikali ya hapa: tiketi yenye namba, kaunta, muhuri, karatasi iliyokosekana. Sikuwahi kuwaza kwamba ndani yake kuna mahali ambapo dola huketi mbele ya mama msusi na kumuuliza miguu yake inataka kwenda wapi.

"Tumeisha sema," tonton aliingilia. "Tumesamehe, donc hatudai kitu."

"Yaya, ngoja," mama mdogo alisema; ndivyo kwetu anavyoitwa kaka mkubwa.

Tonton aligeuka kana kwamba kiti ndicho kilichozungumza.

"Mukono yako haikuvunjika, yaya. Ni yangu."

"Eh! Leo atasema!" mmoja wa wale mama alinong'ona, na wenzake wakacheka kwa pua.

Akasema. Kutoka mlangoni kwake mpaka boulangerie, duka la mikate. Kutoka boulangerie mpaka kituo cha tramu. Kisha kuikata ile bustani ndefu mpaka mlango wa Basilika. Afisa alikunjua ramani juu ya meza na kumpa penseli. Mama mdogo hakuitumia penseli, alitumia kidole, kile kile kinachogawa nywele mistari, na afisa akakifuata kwa wino. Aliuliza ni upande gani wa barabara. Aliuliza ni saa ngapi. Aliuliza kama mama mdogo hurudi kwa njia ile ile, na mama mdogo akafikiri kwa uzito, kama hajawahi kuulizwa jambo kubwa kuliko hilo.

"Na kanisa lenyewe?" afisa aliuliza.

Mama mdogo aliondoa kidole juu ya ramani.

"Kanisa hapana. Musimukataze kanisa. Muntu akikatazwa kanisa, atabadilikia wapi?"

Sikutafsiri. "Maman," nilimwambia, "ni pale pale unapoogopa."

"Tafsiri."

"Lakini, maman…"

"Tafsiri vile nimesema. Halafu umuambie hivi: ule aende misa ya mangaribi. Mimi ni ya asubuhi. Église ni kubwa, lakini asubuhi ni yangu."

Nilitafsiri. Kalamu ya afisa ilisimama. Kisha akaandika kila neno, akamsomea alichoandika ili ahakikishe hajakibadilisha. Alituonya pia, bila kupamba maneno: mahakama ndiyo itakayoamua, itamsikiliza na mfungwa, na si kila kinachoombwa hutolewa.

Katika metro ya kurudi nilisoma kijitabu alichotupa. Kilieleza kwamba katika karibu nchi zote za Umoja wa Ulaya aliyedhuriwa na uhalifu ana haki za msingi zile zile: kuelewa na kueleweka, kupokewa kwa heshima, kusindikizwa, kuambiwa pale aliyemdhuru anapotoka gerezani; na kwamba kinga aliyopewa katika nchi moja inaweza, akiiomba, kumfuata akihamia nyingine. Kinga inayovuka mpaka pamoja na mtu, kama koti. Simo katika wanaoamini kwamba karatasi inatosha. Nawajua wanawake waliofunguliwa mlango huo wakiwa wamechelewa, na wengine hawakujua kwamba mlango upo. Hata hivyo nilikuwa nimekiona kidole kile juu ya ramani, na sikuweza kukisahau.

Tulingoja wiki kadhaa. Mama mdogo alijuta kila siku.

"Juge atacheka," aliniambia kwa simu, akimwazia hakimu. "Atasema, huyu mama anagawa misa kama viazi."

Uamuzi ulipofika alinipigia siku hiyo hiyo. Nilimsomea mezani kwake, kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha tena. Yule mtu angetoka, lakini angeishi katika komuni nyingine. Asiwasiliane na mama mdogo kwa njia yoyote. Asionekane katika mitaa ifuatayo, na hapo ikafuata mitaa yenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa mfuatano wa hatua za mama mdogo. Kwa mama yake aliruhusiwa kwenda, kwa kupita upande wa pili. Na siku za Jumapili, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, asiingie katika Basilika wala bustani iliyo mbele yake. Baada ya hapo, aende akitaka.

Mahakimu walikuwa wameketi, katika nchi yenye mambo yake mengi, wakaigawa Jumapili kama alivyoigawa yeye.

Mama mdogo alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole.

"Boulangerie hawakuandika."

"Iko ndani ya mutaa huo, maman."

"Alors bangeandika."

Jumapili iliyofuata alikataa kusindikizwa. Nilibaki Evere, nimeshika simu, nikajizuia nilivyoweza, na ilipokaribia saa tatu nikapiga.

"Uko wapi?"

"Ku parc." Nilisikia pumzi yake, na hatua juu ya changarawe ya bustani ile.

"Uko na nani?"

"Niko na nani? Niko na miguu yangu." Hatua zilisimama. "Kuko muntu nyuma. Ngoja." Nilisimama na mimi, peke yangu sebuleni. "Ni muzee na imbwa yake. Bonjour, monsieur."

"Maman, unaogopa? Nije?"

"Niko na woga, ndiyo," alisema, na changarawe ikaanza tena kulia chini ya viatu vyake. "Lakini natembea. Kata simu, mutoto yangu. Banaanza kuimba."