Magurudumu Yaliyotazamana

Usukani wa gari letu ulikuwa ukitetemeka, na mke wangu akinivumilia kila Jumapili tukienda ibadani. Nikaamua kumfurahisha: nitabadilisha mwenyewe tairodi, vile vyuma vinavyoelekeza magurudumu ya mbele, hapa nje ya nyumba yetu mtaani Umoja. Nilifungua za zamani na kufunga mpya bila kupima chochote, kisha nikawaita wenzetu wa ushirika waliombee gari kabla halijatoka. Katika sala ndefu nilimshukuru Mungu kwa kunijalia mikono ya fundi.

Tulipofumbua macho, Mama Achieng', mmoja wa wanaushirika, aliinama mbele ya gari.

“Mzee, mbona magurudumu yanatazamana kama wachumba?”

Nilijifanya sikusikia, nikamfungulia mke wangu mlango. Hakuingia.

“Baba Njeri, Mungu nampenda sana,” akasema, “lakini leo sijapanga kumwona.”