Wiki Tano Bila Pasi: Safari ya Moroni na Mutsamudu

Niliondoka Tanga kwa sababu timu yangu ilinitema. Neno hilo sitaki kulipamba. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, goti la kulia likilia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na kocha alinieleza mbele ya wenzangu kwamba jezi ya namba tisa amepewa mwingine. Hiyo ilikuwa timu yangu ya nane. Nilikuwa nimefunga mabao Tanga, Morogoro, Mombasa hadi Ndola. Kila nilipokwenda nilishangiliwa msimu mmoja au miwili, kisha nikafungasha. Shemeji yangu alikwisha kunitafutia kazi katika kiwanda cha mkonge, na mke wangu, Mwajuma, alianza kuniamsha saa kumi na moja alfajiri ili nizoee. Mimi sikutaka kuzoea. Nilitaka kucheza mpira, na niliogopa mno siku nitakayoambiwa basi.

Ndipo ikaja barua ya Bwana Iburoi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mwenyekiti wa timu moja ya Moroni, na aliwahi kuishi Tanga akaniona nikicheza enzi zangu. Alijua pia kwamba bibi yangu mzaa mama alizaliwa Moroni, mtaa wa Badjanani. Aliandika hivi: "Njoo ucheze wiki sita. Mechi ya mwisho tunakwenda Mutsamudu. Tukiridhika nawe utabaki msimu mzima. Tusiporidhika utarudi na meli." Mwajuma aliisoma mara mbili, akaguna, kisha akanikunjia nguo zangu.

Kutoka Dar es Salaam nilisafiri siku mbili na nusu katika meli ya mizigo iliyobeba unga na saruji. Sina la kusifu. Nilitapika hadi nikamkumbuka kila kocha niliyewahi kumtukana, nikawaomba msamaha wote kimoyomoyo.

Moroni meli kubwa haikaribii gati, kwa hiyo tulishushwa kwa mashua pamoja na magunia. Forodhani alisimama Mzungu mwenye sare nyeusi na bunduki begani. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu askari wa Kizungu wa kukodiwa waingie visiwani na kumrudisha rais madarakani. Sasa wao ndio waliomlinda, na watu wakizungumza habari zao walishusha sauti. Alifungua mkoba wangu, akazitoa daluga zangu, akazigonganisha, vumbi la Tanga likaanguka. Akacheka, akanirudishia.

Aliyekuja kunipokea ni Ahamada, nahodha na kiungo wa timu, mwalimu wa shule, aliyezaliwa Unguja na kukisema Kiswahili vizuri kuliko mimi. Alinyamaza mpaka tulipopinda kona.

"Sasa kisiwa kina Wazungu wa kukodi na mshambuliaji wa kukodi," alisema. "Haya, tuone kazi."

Nilicheka. Nilimpenda palepale.

Badjanani nilifikia kwa Bi Mwanaesha, binamu ya marehemu mama yangu, ambaye naye aliishi Unguja mpaka mambo yalipobadilika kule. Alinifungulia mlango uso umepakwa liwa, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Una pua ya bibi yako. Pole nayo."

Vichochoro vya mtaa ule ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Chini ni mawe meusi ya volkano, na uwanja wa mpira vilevile: vumbi jeusi linaloingia mpaka kwenye meno. Mazoezi ya kwanza nilifunga mabao mawili. Bwana Iburoi alipiga makofi peke yake, nami nikaona mambo yamekwisha kunyooka.

Ijumaa ya kwanza nilisali katika msikiti wa zamani ulio kando ya bahari. Tulipotoka, goti lilikuwa linaniuma, nikaenda kwenye uwanja wa mtaa, wanaouita bangwe, nikaketi juu ya baraza la mawe la upande wa mbele. Wanaume watu wazima walikuwa wanakuja na majoho yao. Waliponiona walinyamaza wote. Mimi, na kichwa changu kikubwa, nilidhani wameduwaa kwa kumwona mchezaji maarufu. Niliwapungia mkono, nikanyoosha mguu, nikakaa pale nusu saa nzima.

Tangu siku ile sikupata pasi.

Jumapili tulicheza na timu ya Magoudjou. Nilikimbia, nikajitenga na beki, nikainua mkono, nikaita. Ahamada aliinua kichwa, akaniona, akaupeleka mpira upande mwingine. Winga wa kulia alikuwa na njia nyeupe ya kunipigia krosi, akarudisha nyuma kwa kipa. Wiki ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kwenye chakula nilipofika karibu na sinia, wenzangu wote walikuwa wameshiba ghafla. Bwana Iburoi aliangalia viatu vyake nilipomlalamikia. Nilijiambia ni wivu, kisha nikajiambia wananiona mgeni, kisha nikaanza kuwatukana uwanjani kwa Kizigua ili angalau nipumue. Mpaka wiki ya tano inakwisha sikuwa nimefunga bao hata moja la mechi, na kiwanda cha mkonge nilikuwa nakiona mbele yangu kila nikifumba macho.

Jumanne ya wiki ya sita nilipita bangwe nikamwona yule Mzungu wa forodhani ameketi kwenye baraza lilelile, mabuti juu ya jiwe, anavuta sigara. Hakuna aliyemsemesha. Nyumbani nilimsimulia Bi Mwanaesha, nikaongeza kwamba mahali pale pananifaa goti, hata mimi niliwahi kupumzika hapo.

Aliacha kukuna nazi.

"Tunajua uliketi. Mji mzima unajua. Ndiyo maana umefungiwa."

"Nimefungiwa na nani?"

"Na wakubwa. Baraza lile ni la wanaume waliokamilika, waliofanya ada, harusi kubwa ya mji. Asiyeifanya, hata awe na mvi, kwetu bado ni kijana, na mahali pake ni pale chini. Ukivunja heshima, watu wanaambiwa wasile nawe, wasikupe kitu mkononi."

"Wala mguuni?"

Hakucheka. "Mtoto wa mji akikupa pasi, naye atafungiwa. Nilidhani unajua, mwanangu. Bibi yako hakukwambia? Nilikuwa naona haya, nikisema huyu amekuja kwetu na kiburi cha bara."

Nilisimama. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. "Na yule Mzungu? Leo ameketi palepale na mabuti yake! Mbona yeye hafungiwi?"

"Yule?" Aliichukua tena mbuzi ya nazi. "Yule atafungiwa kitu gani? Harusini kwetu haendi, mazishi yetu hayamhusu, mama yake hatumjui. Akiketi ni kama mvua imeingia ndani, unangoja ipite. Wewe ni mtoto wa mwanamke wa hapa. Wewe tumekuhesabu."

Hasira iliniishia pale, nikabaki na aibu. Katika timu nane niliwahi kutozwa faini, kuwekwa benchi, kuzomewa hata na watoto wa shule. Lakini hakuna mji uliowahi kunipa adhabu ya mwenyeji.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Ahamada alinipeleka kwa wakubwa. Nilisimama chini, wao juu, nikaomba radhi. Mmoja aliyekijua Kiswahili aliniuliza rika langu ni lipi. Sikulijua. Walishauriana, kisha wakanifungulia na kunitia katika kundi la chini kabisa, la vijana wanaobeba sinia kwenye harusi. Bwana Iburoi, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, aliniambia kwa sauti ndogo nisijali: yeye ana miaka hamsini, ada hajafanya, na mbele ya wale hana sauti hata ya kukohoa. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwenyekiti wangu alikuwa akitazama viatu.

Alhamisi palikuwa na harusi kubwa. Nilibeba sinia za wali na nyama toka adhuhuri hadi magharibi, mimi niliyewahi kubebwa mabegani Ndola, nikipanda na kushuka ngazi za mawe na goti langu bovu. Mzee mmoja aliniambia mchuzi umepoa. Nikasema, "Samahani, bwana," nikaurudisha jikoni. Kazi ilipokwisha, wale vijana waliketi kula, wakasogea kidogo, pakawa na nafasi yangu. Nilikula hadi nikaona haya.

Ijumaa asubuhi tulipanda chombo cha kwenda Nzwani, kisiwa cha jirani, na jioni tukaingia Mutsamudu. Mji ule una harufu ya karafuu na mlangilangi hata bandarini, na wanawake wanapita wamejitanda mashuka yao mekundu. Lugha yao na ile ya Moroni ni ndugu wasiosalimiana kila siku. Hata Ahamada ilibidi arudie maneno. Nililala mtaa wa Hombo kwa mpagazi wa bandari aitwaye Kombo, shabiki mkubwa wa timu pinzani, ambaye Kiswahili alijifunza kwa mabaharia.

"Wewe ndiye yule mshambuliaji asiyefunga?" aliniuliza akinimiminia chai.

"Habari zimefika?"

"Zilitangulia kabla yako. Kunywa chai, kaka. Kesho usifunge pia, lakini leo kunywa."

Jumamosi saa kumi mechi ilianza. Katika dakika ya tano Ahamada aliniangalia, akanipa mpira. Ulikuwa mwanana, uko mbele yangu hatua moja, kama tunavyofundishwa. Nilishangaa hadi ukanigonga ugokoni na kutoka nje. Kabla ya mapumziko akanipa mwingine, nikabaki mimi na kipa, nikaupiga juu ya ukuta hadi baharini, na mchezo ukasimama watu wakiogelea kuufuata. Nilimsikia Kombo akinishukuru kwa jina. Wenyeji wakapata bao moja.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Wiki tano nilikuwa na kisingizio: sipewi mpira. Sasa ninapewa, na miguu ndiyo imekataa. Labda kocha wa Tanga alisema kweli. Kipindi cha pili nilimfuata Ahamada katikati ya uwanja.

"Acha kunipa," nilimwambia. "Mpe winga. Mimi nimekwisha."

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayetaka ruhusa ya kutoka.

"Nitakupa. Ukikosa, nitakupa tena. Wa kukodi ndiye asiyepaswa kukosa. Wewe umebeba sinia, kosa tu."

Akageuka, akaenda zake. Nilikosa mara nyingine mbili, na kila mara mpira ulirudi. Dakika za mwisho ulikuja kwa kasi, chini, ukipita kati ya mabeki wawili. Nilijitupa. Haukugonga kiatu, uligonga lile goti langu bovu, ukamhadaa kipa, ukaingia taratibu hata nikaona aibu kushangilia. Wenzangu hawakuona aibu. Walinilalia wote, vumbi na jasho na meno, nami nililia kama mtoto na kusingizia goti. Mchezo ukaisha sare ya bao moja kwa moja. Kombo alinipokea nyumbani kwa sura ya msiba, lakini chai aliitia sukari mara mbili.

Jumatatu tulirudi Moroni. Njiani nililala sitahani katikati ya wenzangu, mguu wa mtu kifuani kwangu, na sikufikiria kiwanda wala meli. Nilichojifunza katika safari hii nawaandikia wa nyumbani bila kukizungusha: kwingine kote nilipewa mpira kwa sababu nafunga, na siku nilipoacha kufunga nikaonyeshwa mlango. Huku nilikosa mara nne mbele ya mji wa watu, nikapewa mara ya tano.

Bwana Iburoi alikuwa akitungoja penye mashua. Alinishika mkono.

"Bao moja katika wiki sita," alisema. "Kwa hesabu ya mpira, ningekuaga hapahapa. Lakini nimewauliza vijana, wanasema ubaki." Akakohoa kidogo. "Ila mwezi ujao kuna harusi nyingine, na wabeba sinia hawatoshi."

Nikamuuliza ni siku gani.