Dereva Ambrose na Geti la Kulipia

Shemeji yangu Ambrose Mwaipopo aliendesha lori la ushirika miaka kumi na tisa, na hakuna geti lililomshinda. Toka Kasumulu mpakani hadi Mbeya alijua desturi ya kila kizuizi: unasimama, unashuka, unasalimia kwa mikono miwili, unaacha kilo mbili za mchele wa Kyela, unapita. Ushirika ulipofilisika na wanunuzi binafsi kuingia, walimpunguza kazini. Akabaki na leseni na kiburi, na kiburi ndicho alichokitunza zaidi.

Mwaka 2001 simu ilitoka Afrika Kusini. Mwamba wa mgodi ulikuwa umemwangukia kifuani Lugano, mwanawe wa pekee. Daktari alisema bado anapumua, lakini ndugu wasikawie. Wakapanda basi watatu: Ambrose, mkewe Veronika ambaye ni dada yangu, na Nancy, mke wa Lugano, binti wa Karonga ng'ambo ya mto Songwe.

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Huyo wa tatu alikuwa Veronika, na mpakani mwa Afrika Kusini hati yake ya kusafiria ilionekana imekwisha muda. Wakamrudisha akilia. Ambrose na Nancy wakaendelea, wawili wasioweza kuambiana hata "mvua inanyesha."

Walifika Johannesburg alfajiri. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa tatu, na Ambrose akaamua kukodi gari. Kiingereza hana, kwa hiyo Nancy ndiye aliyesimama kaunta, naye mzee akasimama nje ameupa mlango mgongo, kwa heshima. Karani akamweleza Nancy vizuri: kioo cha mbele kina kidude cheupe, hicho ndicho kinacholipia barabara. Ukikaribia geti, shika njia yenye alama ya manjano, punguza mwendo, usisimame. Kikilia, kizuizi kinainuka chenyewe. Gharama mtaziona mkirudisha gari. Tena msikibandue.

Nancy alipotoka, Ambrose akaingia, akalipa kwa randi zote walizokuwa nazo, akapokea ufunguo. Akageuza kioo cha kutazamia nyuma kikatazama paa, ili asimwone mkamwana. Kisha akakiona kidude. Akakikagua, akaguna kwamba hawa wamemwekea kitu cha kumpeleleza, akakibandua na kukitupa kwenye kisanduku cha dashibodi.

Nancy aliona yote, amejifunika kitenge kiti cha nyuma. Alikohoa. Akakohoa tena. Mzee akafungua dirisha, akidhani vumbi.

Saa mbili asubuhi wakafika getini. Ambrose akaingia njia ya alama ya manjano kwa kuwa haikuwa na foleni. Kizuizi hakikuinuka. Akafanya alichokifanya maisha yake yote: akazima gari, akashuka, akaenda hadi kibanda cha jirani, akainama na kumpa karani mfuko wa mchele aliomchukulia mwanawe. Nyuma yake malori yalipiga honi. Yule karani aliona hongo, akamwita msimamizi, na gari likasukumwa pembeni.

Ambrose aliporudi kuketi, Nancy alifanya walilofanya bibi zetu walipokosa mtu wa kati. Akaongea na kiti.

"Ewe kiti, mwambie baba kile kidude ndicho kinacholipa. Kirudishwe kiooni. Lugano anasubiri."

Ambrose alisikia. Hilo nawaapia, maana mwenyewe alikiri kwangu. Akatoka, akaubamiza mlango, akaiambia barabara, "Mkamwana hana mdomo!" Akasimama juani. Mwanaume mzima, mwanawe anakata roho, yeye analinda heshima mbele ya malori ya makaa ya mawe! Hasira yangu juu ya jambo hili haijapoa, wala siiombei ipoe.

Saa tano msimamizi alikuja mwenyewe dirishani, akamuuliza Nancy kwa Kiingereza kuna nini. Akamweleza. Yule akafungua kisanduku, akabandika kidude, akacheka kidogo. Gari likasogea, kidude kikalia, kizuizi kikainuka. Ilichukua dakika moja.

Hospitali walifika saa nane. Lugano alikuwa amekufa saa sita na robo.

Mazishini Ambrose aliwaambia watu kwamba mkamwana alifungua mdomo mbele yake safarini, na mkosi ukamfuata mtoto. Wakamwamini, maana uongo wa mzee huvaa koti. Nancy akarudishwa kwao na begi moja. Alipita kwenye kibanda changu cha vitenge pale Kasumulu, akanisimulia kuanzia kaunta hadi wodini, na yale aliyoelezwa na nesi. Kisha akavuka daraja.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi Ambrose akaja kibandani. Wateja walikuwepo. Alikuwa amekonda.

"Shemeji," akasema, "yule mwanamke hakuacha neno lolote la mwanangu?"

"Aliacha."

"Niambie, nakuomba."

Dada yangu alikuwa amenisihi nisiseme. Nilimtazama yule mzee aliyemfukuza mjane wa mwanawe, na huruma niliitafuta sikuiona.

"Nesi alitaka kumchoma sindano ya usingizi toka saa nne," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi forodhani. "Maumivu yalikuwa makali, analia. Lugano akakataa sindano hadi pumzi ikamkatika. Akasema baba yake yuko njiani, ni dereva, hachelewi."