Mama Shani, Mpanda Baiskeli wa Nyuma Kabisa

Kauthar binti Abdurahmani alipofiwa na mumewe, watu wa Nyamisangura, mjini Tarime, walidhani atauza lile duka la spea za baiskeli akakaange maandazi. Hakuuza. Alijifunza kuziba pancha na kunyoosha rimu, akamlea binti yake Shani humohumo katikati ya matairi, na baada ya mwaka wateja wakaacha kuuliza fundi yuko wapi.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewavuruga watu vichwa. Vijana waliacha ng'ombe vijijini wakahamia Nyamongo, wengine kuchimba, wengine kusaga mawe. Aliyepata mawe mazuri alinunua pikipiki. Aliyebahatika kidogo alinunua baiskeli ya gia, zile za mitumba zilizoingia kupitia Sirari, akaileta kwa Mama Shani irekebishwe. Hapo dukani ndipo lilipoanzia lile kundi la Jumapili. Hakuna aliyekuwa mwanamichezo. Walikuwa wachimbaji, wauza duka, na mwalimu mmoja mnene aliyeitwa Kisyeri. Walianza kwa kwenda Nyamwaga na kurudi, kisha Nyamongo, na hamu yao kubwa ikawa kufika Mugumu, wilaya ya Serengeti, siku nzima juu ya barabara ya changarawe.

Kauthar naye alipanda nao. Mwanzoni wanaume walimcheka, mwanamke mwenye suruali chini ya gauni na kofia ngumu juu ya mtandio. Wapo waliosema mjane anatafuta mume kwa magurudumu mawili. Yeye alikaa nyuma kabisa, pamoja na yule anayeshindwa, na hakumpita mtu hata mara moja. Polepole wakaona kwamba anayepanda na Mama Shani harudi nyumbani juu ya lori. Alijua kila mtu anahitaji nini. Mmoja ukimtania anapata nguvu, mwingine ukimtania anakasirika na kushuka. Kuna wa kuulizwa habari za ng'ombe wake mpaka kilima kinaisha, na kuna wa kuachwa kimya, usikie tu mnyororo wako nyuma yake.

Siku moja watu sita wa kundi walikwenda Musoma kwenye mashindano ya michezo mitatu, kuogelea ziwani, kuendesha baiskeli na kukimbia. Mwalimu Kisyeri alikuwa amejifunza kuogelea kwenye lambo la ng'ombe. Wenzake wote walishatoka majini, yeye bado anapigapiga mikono kama anayefukuza nyuki. Kauthar alitembea ukingoni sambamba naye, maji yakimfika magotini, akimwambia kwamba darasa lake zima linamwangalia na wamesema wakimwona anazama kesho hawaji shule. Mwalimu alitoka akicheka na kutapika maji, akapanda baiskeli, akakimbia, akamaliza wa mwisho. Alilia kama mtoto. Tangu siku hiyo alimwita Kauthar dada.

Mwikwabe aliingia kwenye kundi mwaka uliofuata. Alikuwa mtu wa Nyanungu, umri kama miaka thelathini, mwenye mke aliyeitwa Robi na watoto watatu. Kazi yake ilikuwa kulisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga, na jioni alitoka pale mweupe kuanzia nywele hadi kucha kama mtu wa kinu cha unga. Jumapili yake ya kwanza alishuka kwenye kilima cha Nyamwaga, akakaa juu ya jiwe, akakohoa mpaka machozi.

"Mura, unakohoa au unaomba lifti?" Kauthar alimwuliza, akitumia neno la Kikurya la kumwita kijana.

Alicheka katikati ya kikohozi. Kauthar akamwambia hilo ni vumbi tu, jasho litalitoa, kifua kitafunguka. Na mwenyewe aliyaamini maneno hayo. Nyamongo nzima ilikuwa ikikohoa. Asiyekohoa alionekana hana kazi.

Na kweli, baada ya miezi michache Mwikwabe alipanda kilima kile bila kushuka. Alipungua pia. Mashavu yaliingia ndani, shati likaanza kupepea mgongoni, na wenzake wakamsifu kwamba sasa amepata mwili wa baiskeli. Mwalimu Kisyeri alimwonea wivu hadharani, akataka ampe siri. Kauthar naye alimsifu. Alimrekebishia kiti cha baiskeli, akamwambia mtu mwepesi hivi akifika Mugumu hata upepo utamsaidia. Hakuna katika kundi aliyefikiri kwamba mtu anaweza kukonda kwa sababu nyingine.

Wiki moja kabla ya safari ya Mugumu, madaktari wa kifua walikuja Tarime kuwapima wachimbaji bure. Walikaa siku tano. Siku ya tatu Mwikwabe alikuja dukani, akasimama mlangoni akigeuzageuza kofia yake. Alisema Robi amemkalia kooni aende kupimwa, na usiku uliopita hawakulala kwa ajili ya kikohozi. Angependa kwenda. Lakini alikuwa na hofu.

"Wakinikuta na kitu, Mama Shani, si watanikataza safari?"

Kauthar alikuwa ameshika spana. Alikuwa na majina ya watu kumi na wawili ambao hawajawahi kufika Mugumu, na alitaka wafike wote kumi na wawili. Alifikiri madaktari humkuta kila mtu na kitu.

"Watakukataza," alimwambia. "Maliza safari kwanza. Madaktari hawahami nchi, utawafuata hata Musoma. Umebakiza kidogo, mura. Usijikatishe mwenyewe."

Mwikwabe aliitikia kwa kichwa, uso ukakunjuka. Alikuwa amekuja kutafuta neno hilo, na alilipata.

Safari ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Walivuka daraja la Mto Mara jua likiwa bado si kali, na baada ya hapo Mwikwabe alibaki nyuma. Kauthar alikaa naye saa baada ya saa. Alimsimulia habari za dukani, alimwomba amfundishe kuhesabu kwa Kikurya, alimdanganya kuhusu vilima vilivyobaki. Mara mbili Mwikwabe alisema anashuka, mara mbili Kauthar alimrudisha juu ya kiti. Waliingia Mugumu wa mwisho, wenzao wamejipanga barabarani wakipiga makofi. Mwikwabe alilala chini kwenye vumbi, akacheka, akampigia simu Robi, akamwambia amefika kwa miguu yake mwenyewe.

Hakuwafuata madaktari Musoma. Alirudi kwenye karasha, na miezi miwili baadaye alikuwa hawezi kuisukuma baiskeli hata kwenye tambarare. Walipompeleka hospitali ilikuwa kifua kikuu juu ya mapafu yaliyojaa vumbi la mawe. Daktari alieleza kwa upole kwamba vumbi halina dawa, lakini kifua kikuu kinatibika mtu akiwahi. Akauliza kwa nini hakuja wakati wenzake wanapimwa. Kauthar alikuwa amesimama pale kando ya kitanda na chupa ya uji mkononi. Mwikwabe alijibu kwamba alikuwa kazini. Hakumwangalia Kauthar.

Alifariki mvua za masika zilipoanza. Kundi lote lilikwenda Nyanungu kwa baiskeli, matope hadi kwenye mnyororo. Mwalimu Kisyeri alipewa nafasi ya kusema machache. Alisema marehemu alikuwa na siku moja ya furaha ambayo hakuna mtu atakayemnyang'anya, na aliyempa furaha hiyo ni Mama Shani. Watu waligeuka kumtazama, wengine wakimshukuru kwa macho. Kauthar aliinamisha kichwa. Alitamani mtu mmoja tu amtukane.

Jumapili zilizofuata hakufungua mlango. Waliogonga waliambiwa na Shani kwamba mama anaumwa, na hakuwa anadanganya. Alikuwa hali chakula vizuri, na kila mteja aliyekohoa dukani alimwuliza anakohoa tangu lini, kwa sauti iliyowatisha. Baada ya wiki sita aliona hawezi tena kulibeba jambo hilo peke yake. Alipanda baiskeli alfajiri akaenda Nyanungu.

Alimkuta Robi akianika ulezi uani. Walisalimiana, akapewa kigoda. Kauthar hakuzunguka. Alisema Mwikwabe alikuja kwake siku ya tatu ya wale madaktari, aliuliza aende au asiende, na yeye ndiye aliyemzuia.

Robi aliendelea kutandaza ulezi kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Alirudi siku ileile akaniambia Mama Shani amesema nimalize kwanza. Nikamwambia Mama Shani si daktari. Akanicheka."

Kauthar alitaka kusema kitu.

"Niliona ulivyosimama msibani, wanakushukuru," Robi akaendelea. "Nikasema, ngoja, nione kama atakuja mwenyewe."

"Nimekuja, mama. Sijui nikuambie nini. Mungu atakupa nguvu, watoto watakua, utaona siku hizi zita..."

"Usinitie moyo."

Robi hakuinua sauti. Alikuwa ameacha ulezi sasa, anamtazama.

"Alikuwa na moyo mwingi mno, Mama Shani. Ndio huo uliomfanya aipite hospitali. Mimi usinitie. Kama unaweza kukaa, kaa. Kama huwezi, nenda."

Kauthar alikaa. Jua lilipanda, kuku wakaja kwenye ulezi, akawafukuza. Alisaidia kuugeuza ulezi ulipokauka upande wa juu. Mchana Robi alimpa uji, kwa sababu mgeni hapewi kiti bila chakula, naye akaunywa wote.

Alipoaga, Robi aliitikia. Kule Nyanungu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata yule ambaye mmegombana naye, na mwenyeji huweka mkono kwenye baiskeli yake kuisukuma kidogo. Robi alibaki amekaa palepale kwenye ulezi wake. Kauthar alisimama kwenye njia muda mrefu akijifanya anakaza breki, kisha akatembea peke yake mpaka barabara kuu, baiskeli mkononi, bila kuipanda.