Sare ya Harusi na Kodi ya Makadirio

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa sita, mwanangu, niliingia kwa baba mdogo pale Pugu nikicheka peke yangu, simu mkononi. Utu uzima nilikuwa nao, ila kwenye biashara nilikuwa bado mbichi. Nilikuwa nashona sare za shule Ukonga, vyerehani vinne, na nilikuwa nimeomba zabuni ya shule moja kubwa ya Kibamba. Walitaka cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi. Bila hicho, zabuni hakuna.

Hesabu zangu za mwaka zilikuwa hazijakamilika, maana risiti nilikuwa nazitupiaga kwenye mfuko tu, nyingine zimeshafutika. Mali bila daftari huisha bila habari. Nikaomba mtandaoni kwa watu wa kodi niongezewe muda, ukaja ujumbe kwenye simu kwamba nimekubaliwa. Mie huyo! Pesa niliyoitengea kodi nikaiona imepata likizo. Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa, na sie watu wa Pwani kwa sare za harusi mnatujua. Nikasema hiyo hiyo ndiyo ya kitambaa cha zambarau, na mshono wake, na viatu vyake.

Baba mdogo, karani mstaafu, akavaa miwani akausoma ule ujumbe mara mbili.

"Zuhura, umelipa?"

"Kulipa nini tena, baba? Si wameniongezea siku?"

"Wamekuongezea siku za kupeleka hesabu. Siku za kulipa nani kakuongezea?"

Nikajitetea: hesabu haijakamilika, kiasi nitakijuaje?

"Maji ya wali unayakadiria kila siku, na hujawahi kutulisha uji," akasema. "Kadiria, ulipe leo. Ukizidisha, ile ziada haipotei, itahesabiwa kwako. Ukichelewa, riba juu yako, na hicho cheti utakisikia kwa jirani."

Lo, niliumia! Wala si kwa ajili ya kodi, nakwambia kweli, ni ile zambarau. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukakaa hapo hapo barazani tukapiga makadirio, nikachukua namba ya malipo kwenye simu, nikalipa. Kisha nikampigia dada kumwambia sare sitaiweza. Alininunia siku tatu nzima.

Hesabu kamili nilipozipeleka, tofauti ilikuwa kidogo tu. Cheti nikakipata, na zabuni ikaja. Leo nina vyerehani tisa, alhamdulillahi.

Picha ya harusi ninayo ukutani. Wote zambarau, mie peke yangu nimevaa kijani cha harusi ya mwaka uliopita. Wageni wakiuliza huyu vipi, dada yangu huwahi kujibu: "Huyo ndiye aliyelipa kodi." Tunacheka mpaka machozi.

Basi mwanangu, ukiongezewa muda, shukuru, lakini usiupeleke dukani. Kadiria bila kujidanganya, lipa siku ya kulipa, hesabu uzimalize kwa nafasi. Dawa ya deni ni kulipa. Mungu akujaalie riziki ya kutosha kodi, na ibaki ya zambarau.